Msamaha Usioombwa

Niliporejea Unguja kutoka Mwanza nilibeba mizigo miwili: furushi la dagaa wakavu wa ziwa, na swali moja ambalo hadi leo sijaweza kulitua. Dagaa waligaiwa kwa jamaa na majirani, wakesha. Swali limebaki nami, na kwa kuwa mzigo mzito humpa mwenzio, naliweka leo mbele ya wasomaji wa kurasa hizi. Swali lenyewe ni hili: je, yafaa kumsamehe aliyekudhulumu kabla hajaomba radhi? Na mtu akifanya hivyo, huwa ametenda wema, au huwa ameidhulumu haki mara ya pili?

Nilikuwa mgeni wa mzee mmoja huko Buzuruga. Kwa wasiopajua, Buzuruga ni kata ya Manispaa ya Ilemela, kando ya barabara itokayo katikati ya mji wa Mwanza kuelekea Magu, Bunda na Musoma. Na kwa miaka mingi jina lake lilikuwa midomoni mwa wasafiri kwa sababu ya kituo chake cha mabasi. Mwenyeji wangu ni fundi seremala aliyezaliwa upande wa Shirati, karibu na mpaka wa Kenya, akahamia Mwanza angali kijana. Kwa kabila ni Mjaluo, kwa dini ni Mkristo wa Kanisa la Mennonite. Mimi ni mwalimu mstaafu, Muislamu wa visiwani, na tulikaa barazani kwake jioni nne mfululizo, tukila ugali na sato aliyepikwa na mkewe, tukizungumza.

Nakiri kwamba jioni ya kwanza nilimwuliza maswali ya kijinga. Nilikuwa nimewahi kuona picha za watu wa Marekani wenye ndevu ndefu na kofia za ukindu, wanaopanda vigari vya farasi na kukataa umeme, nikaambiwa kwamba hao ni jamaa zake katika imani. Basi nikamwuliza farasi wake yuko wapi. Alicheka sana, akamwita mkewe aje kusikia, kisha akaichomoa simu ya mkononi kutoka mfukoni akaniwekea juu ya meza kama ushahidi.

Ukweli ni kwamba Waamishi na Wamennonite ni matawi ya mti mmoja. Mti huo ulichipua mjini Zürich, Uswisi, mwezi wa Januari 1525, pale kikundi kidogo cha Wakristo kilipobatizana watu wazima kwa watu wazima. Walidai kwamba imani haiwezi kurithishwa mtoto mchanga kama shamba la minazi. Sharti mtu aichague mwenyewe akiwa na akili zake timamu. Kwa zama zile, ambapo dini na dola vilikuwa mwili mmoja, dai hilo lilihesabiwa uasi. Felix Manz, mmoja wao, alizamishwa katika mto Limmat mwezi wa Januari 1527. Wamennonite walipata jina lao kwa Menno Simons, padri wa Friesland aliyeacha upadri mwaka 1536 akajiunga nao. Waamishi walijitenga mwaka 1693, wakimfuata Jakob Ammann, aliyetaka aliyeasi kanuni za jamii atengwe kwa ukali zaidi. Leo Waamishi, wakubwa kwa watoto, wamezidi laki tatu na nusu, nao wapo Amerika ya Kaskazini. Jamii pana ya Wamennonite ina waumini zaidi ya milioni mbili duniani, na wengi wao ni watu wa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini. Kwa hiyo Mmennonite wa leo hafanani sana na mzee wa kofia ya ukindu. Yu karibu zaidi na seremala wa Buzuruga.

Katika nchi yetu walifika mwaka 1934, wakitokea jimbo la Pennsylvania, wakaweka kituo chao cha kwanza Shirati. Mwaka huohuo, kwa sadfa, mtoto mmoja wa Butiama aliyeitwa Kambarage aliingia darasa la kwanza katika shule ya Mwisenge, Musoma. Hospitali yao ya Shirati ilijulikana kwa kuwatibu wenye ukoma, watu ambao hata ndugu zao waliwakwepa. Mwaka 1942 yalitokea mambo ambayo wazee bado wanayasimulia: katika uamsho ulioenea Afrika ya Mashariki, Waafrika na wamisionari walisimama mbele ya mkutano mmoja, wakaungama makosa yao na kuombana radhi. Kwa zama za ukoloni, Mzungu kumwomba radhi Mwafrika hadharani halikuwa jambo dogo. Mwaka 1960 kanisa likajitegemea, na Januari 1967 Zedekia Kisare akawekwa kuwa askofu wake wa kwanza Mwafrika.

Sitaki kulipita haraka lile jambo la umeme na farasi, kwani lina hekima ambayo sisi watu wa visiwani tunaweza kuipima. Mwamishi hasemi kwamba umeme ni dhambi. Anachouliza, kabla ya kukipokea chombo chochote kipya, ni hiki: kitu hiki kikiingia ndani ya nyumba zetu, kitatufanya tuhitajiane zaidi au tuhitajiane kidogo? Simu wengi wao waliikubali, lakini wakaijengea kibanda nje ya nyumba, ili mtu aitumie kwa haja na asiiache imkatize anapozungumza na mwanawe. Msomaji asidhani kwamba swali hili ni geni kwetu. Zanzibar ilipata televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilhali Tanzania Bara ilikaa bila kituo chochote cha televisheni hadi mwaka 1994, kwani Mwalimu Nyerere aliihesabu kuwa ni anasa ambayo nchi maskini haina haja nayo. Sisi tulijiona tumeendelea, na wenzetu tukawaona wamechelewa. Sisemi kwamba wao ndio waliopatia. Nasema tu kwamba wao waliuliza, na sisi hatukuuliza. Na leo baraza zetu, ambapo mashairi yalikuwa yakitungwa na kujibiwa papo kwa papo, zimejaa watu walioinamia viganja vyao, kila mmoja peke yake.

Jambo jingine lililonigusa ni kiapo. Wamennonite wa asili hawaapi. Huamini kwamba mtu akiwa mkweli, ndiyo yake inatosha, na kwamba anayehitaji kuapa amekwisha kukubali kuwa maneno yake mengine hayana dhamana. Nilipolisikia hilo nilijikumbuka mwenyewe. Sisi watu wa pwani twaapa tukiuza samaki, twaapa tukinunua, twaapa tukiahidi kuja kesho ilhali twajua hatuji. Jioni ile niliapa mara saba kabla ya chakula, na mwenyeji wangu, kwa adabu yake, hakusema kitu. Tangu hapo kila nikifungua kinywa kuapa nasikia ukimya wake.

Lakini haya yote yalikuwa utangulizi. Jioni ya tatu tulilifikia suala la silaha, na hapo mazungumzo yakabadilika sura.

Wamennonite hufundisha kwamba Mkristo hapigani vita, halipizi kisasi, hamwui adui yake hata katika kujihami. Wanayo hadithi wanayowasimulia watoto wao: Dirk Willems, Mholanzi, alitoroka gerezani alikofungwa kwa ajili ya imani hiyo, akakimbia juu ya barafu. Askari aliyemfuata akatumbukia majini, naye Dirk akarudi, akamwokoa. Kisha akakamatwa, na mwaka 1569 akachomwa moto. Nilimwambia mwenyeji wangu, bila ya kumung'unya maneno, kwamba hadithi hiyo ni nzuri kwa mtu mwenye shingo moja tu ya kutoa, yaani yake. Lakini mtu mwenye mke na watoto, akija mwizi usiku, afanyeje? Na nchi ikivamiwa, ifanyeje? Je, si kweli kwamba asiyeshika mkuki hulala usingizi kwa sababu mwenzake amekesha na mkuki?

Sikutarajia jibu alilonipa. Alikubali.

"Mwalimu," alisema, "mwaka 1979 nilikuwa kijana hapa Mwanza. Ndege ya Walibya iliyokuja kumsaidia Amin ilitaka kupiga maghala ya mafuta, ikakosea, mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane, yakaua wanyama. Siku ile nilijua kwamba ninalindwa na vijana wenye bunduki waliokuwa njiani kwenda Kampala. Sijui kama nina haki ya kuringia mikono safi."

Kisha akanieleza yaliyofuata. Baada ya vita vile wizi wa ng'ombe na unyang'anyi ulizidi katika nchi ya Wasukuma, kwani silaha zilikuwa zimesambaa, na polisi walikuwa wachache na mbali. Ndipo mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanavijiji wakaunda sungusungu, walinzi wenye pinde na marungu waliojipa jina la wale chungu weusi waumao. Wao kwa wao waliitana basalama, yaani watu wa salama. Wizi ulipungua, na serikali ikaja kuwatambua kisheria mwaka 1989. Lakini pia waliwapiga watu, wengine wakafa, bila ya hakimu wala ushahidi. Nilistaajabu na nikamwambia: basi katika kanda moja ya ziwa palikuwa na watu wa amani wa aina mbili, mmoja ameweka rungu chini kwa ajili ya amani, na mwingine amelishika kwa ajili ya amani hiyohiyo.

"Ndivyo," akajibu. "Nami nilikuwa katikati."

Ulinzi wa mtaa wake ulipomtaka, hakukataa kwenda. Alikwenda na taa, bila ya rungu. Usiku mmoja walimkamata kijana na baiskeli ya watu. Mzee akaketi chini mavumbini, akamkumbatia yule kijana, ikawa hapigiki mmoja bila ya mwingine, na hatimaye wakampeleka polisi. Nilitaka kumsifu, akanizuia kwa mkono. "Yule wa kwanza alipona. Miezi michache baadaye walimkamata mwingine. Nilisikia kelele, nikakimbia, sikuwahi."

Mama wa yule wa pili alikaa mtaa uleule. Waliompiga mwanawe walikuwa majirani zake, anawajua kwa majina. Haukupita muda, mzee alisema, mama yule akaanza kuwasalimu. Hakuna aliyemwomba radhi. Wengi waliona haya, wakabadilisha njia wakimwona. Yeye akavuka barabara, akawafuata, akawasalimu. "Alitusamehe kabla hatujaomba. Sikuinua rungu, lakini nasema alitusamehe, kwa sababu nilikuwa nimeshika taa usiku mwingine. Na salamu ile ilituchoma kuliko kesi."

Nikamwuliza kama kuna aliyeshitakiwa. Akasema hakuna.

Hapo ndipo swali langu lilipozaliwa, wasomaji wangu. Usiku ule sikulala. Upande mmoja nilimwona mama yule amesimama juu ya mlima ambao mimi sitaufika. Upande wa pili nilijiuliza: kijana wake je? Yeye ndiye aliyeuawa. Nani amempa mama idhini ya kusamehe kwa niaba yake?

Waamishi wenyewe waliwahi kuuwekea ulimwengu mtihani huu. Tarehe 2 Oktoba 2006, katika shule yao ndogo ya Nickel Mines, Pennsylvania, mtu asiye wa jamii yao aliingia na silaha, akawapiga risasi wasichana kumi, watano wakafa, kisha akajiua. Siku hiyohiyo Waamishi walikwenda nyumbani kwa mjane wa muuaji kumfariji. Walihudhuria mazishi yake kwa wingi, na fedha za misaada zilipomiminika walimgawia na mjane. Magazeti ya dunia yalishangilia. Wapo pia waliouliza, na kwa haki, kama msamaha wa siku moja ni msamaha au ni kuikimbia huzuni. Waamishi walijibu kwamba hawakumaliza kusamehe siku ile. Waliamua tu kutolipiza, na tangu hapo ilibidi waamue upya kila asubuhi.

Kwa upande wa pili wa sarafu, lipo koloni la Wamennonite wa jadi nchini Bolivia, liitwalo Manitoba, ambako kwa miaka kadhaa hadi 2009 wanawake na wasichana zaidi ya mia moja walileweshwa kwa dawa usiku na kunajisiwa na wanaume wa jamii yao wenyewe. Mwaka 2011 mahakama iliwatia wanaume hao hatiani. Lakini ndani ya koloni wanawake walihimizwa wasamehe na wanyamaze. Neno lilikuwa lilelile, msamaha. Walakini pale Nickel Mines lilitoka kinywani mwa aliyeumizwa, na huku Manitoba lilitiwa kinywani mwake na wengine. Msamaha ulioamrishwa ni dhuluma iliyovaa kanzu ya ibada.

Lugha yetu, nadhani, ilikwisha kuyapambanua haya kabla yetu. Neno kisasi tumelipokea kutoka Kiarabu, na asili yake si ghadhabu bali ni kipimo: malipo yaliyo sawa na kosa, yasiyozidi. Samehe nalo limetoka katika neno lenye maana ya ukarimu. Ndiyo maana dini yetu imempa aliyedhulumiwa haki ya kisasi, kisha ikamsifu zaidi anayesamehe: kwanza imemkiri kuwa ana haki, ndipo ikamwalika aitoe. Mtu hawezi kuwa karimu kwa mali asiyonayo. Anayeambiwa asamehe kabla haki yake haijatambuliwa anaombwa sadaka kutoka mfuko uliokwisha kuibiwa.

Kwa hiyo naona ni vitu vitatu ambavyo tumezoea kuvifunga katika kanga moja. Kuacha kisasi ni wajibu ambao jamii yaweza kumtaka kila mmoja, hata ndugu wa aliyeuawa, kwani bila ya huo hapakaliki. Kusamehe ni hiari ya aliyeumizwa peke yake, hana mrithi wala wakili. Na akiutoa bila ya kuombwa, ametoa zawadi, na zawadi haimfutii mpokeaji deni lake la kukiri. Kusahau hakuna mwenye haki ya kumtaka mtu yeyote. Mama wa Buzuruga aliacha kisasi, na alisamehe kile kilichokuwa chake, yaani uchungu wake wa uzazi. Kilichokuwa cha mwanawe kingali kinadai, na wanaodaiwa ni wale waliobadilisha njia.

Msomaji wa visiwani amekwisha kufahamu kwa nini sikulala. Sisi tunayo methali tuipendayo mno, kwamba yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Ni methali ya busara inapotamkwa na mgonjwa. Inapotamkwa na aliyemjeruhi, ni jambo jingine. Tumepita Januari 2001, watu walipouawa Pemba na Unguja na wengine wakavuka bahari kukimbilia Shimoni. Tulitia saini muafaka Oktoba mwaka ule. Tuliwaona viongozi wawili mahasimu wakipeana mikono Novemba 2009, na wananchi wakaikubali serikali ya umoja kwa kura ya maoni ya tarehe 31 Julai 2010. Sidharau mikono ile, kwani iliacha kisasi, na kuacha kisasi kumeokoa roho za watu. Lakini mkono wa kiongozi hauwezi kusamehe kwa niaba ya mjane wa Wete, wala haukupaswa kumwomba asahau.

Nami ninalo la kwangu. Katika msimu mmoja wa siasa chafu jirani yetu alinyoosha kidole kuonyesha nyumba ya ami yangu. Ami alichukuliwa usiku, akarudi baada ya siku kadhaa na jicho moja. Ameishi nalo, amekufa nalo, na sikumsikia hata siku moja akimtaja jirani yule kwa ubaya. Kama alimsamehe, alikwenda na siri yake kaburini. Mimi ndiye niliyebaki na hasira, kama mtu aliyerithi deni lisilo lake na anayeng'ang'ania kulidai. Jirani yule angali hai. Huketi nje ya msikiti baada ya alasiri, na kila nipitapo hunitolea salamu. Kuitika ni wajibu, nami kwa miaka yote hiyo nimeitika kwa ncha ya midomo, nikitembea.

Asubuhi ya kuondoka Buzuruga nilimweleza mwenyeji wangu habari hii, nikamwuliza nifanyeje. Nilitaraji mahubiri. Alikuwa akiranda ubao, hakuinua kichwa. Akasema, "Mwalimu, ya ami yako huwezi kuyasamehe. Yako je, ni yapi?" Kisha akaendelea na randa yake.

Nilichukua muda mrefu kuhesabu yaliyo yangu katika jambo lile. Si mengi. Ni hofu ya usiku ule, nilipokuwa nyuma ya mlango, na aibu ya kutotoka nje.

Wiki iliyopita nilipita msikitini baada ya alasiri. Alinitolea salamu, nikaitika, na safari hii nikasimama. Hakusema neno juu ya yaliyopita, wala mimi sikusema. Niliona mguu wake umevimba, nikamwuliza unamsumbua tangu lini. Akaniambia, tukaketi.